Dakika za Mdadisi wa Nne

Makomredi, wenzangu wa madai mamoja na jasho moja!

Nisamehe, Kaka. Mkono umezoea kuanza hivyo kiasi kwamba hata nikimwandikia mwenye duka kumwomba sabuni ya mkopo, nitamhutubia kwanza. Barua hii si ya umma. Ni yako peke yako, na nakusihi uisome ukiwa umekaa, Mama akiwa kwenye cherehani yake chumba cha pili, asije akakuuliza mbona uso umebadilika.

Hujambo lakini? Natumaini yatakufikia haya ukiwa mzima, na sauti imerudi baada ya mkutano ule wa mvua. Goti la Mama linaendeleaje? Mwambie miwani aliyonitumia nimeipata, ila fundi anasema kioo cha kushoto kitachukua wiki nyingine. Na je, bado anakucheka kwa zile dakika zako? Mimi ni mzima wa mwili. Ya moyo utayasoma mbele, kwani nimeyaweka mahali pake.

Uliniuliza katika barua yako kama kweli mtu anaweza kuishi kwa kuhesabu. Nakujibu kwamba anaweza, kwa shida. Ofisi yetu iko ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo, hivi kwamba kila fundi wa chini akikata kioo, sisi wa juu tunauma meno. Meza ni tatu. Feni inazunguka, inasita kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, kisha inazunguka tena. Kiti changu kina mguu mmoja mfupi, nao nimeuwekea kadi ya mwaliko wa harusi ya watu nisiowajua. Hapo ndipo ninapojifunza taaluma yangu, Kaka: kusafisha data, kuchora grafu, na kunyamaza. Katika hayo matatu, la mwisho ndilo gumu.

Mkuu wangu wa kazi ni mtu mwembamba, wa sweta moja, mwenye penseli nyuma ya sikio. Sisi wa mafunzo tunamwita Bwana Takriban. Ukimuuliza saa, huku saa ya ukutani inamtazama usoni, atasema takriban saa nne. Ukimuuliza ana watoto wangapi, atasema watatu, kisha atasita kidogo kana kwamba neno lake limekwama kooni. Unanijua. Mimi niliyelelewa na majukwaa, niliyefundishwa nawe kwamba mwenye haki hasemi labda, nilimdharau tangu siku ya kwanza. Nilisema moyoni kwamba anayesema takriban ana kitu anachokikwepa.

Yaliyotangulia unayajua, lakini mtu wa takwimu hufundishwa kutaja chanzo kabla ya matokeo, basi nivumilie. Utawala wa chuo ulipolifunga bweni kwa kisingizio cha ukarabati ambao hakuna aliyewahi kuona hata ndoo yake ya rangi, wanafunzi walitawanyika wakapanga vyumba katika mitaa minne. Tukasimama tukasema kwamba umbali huu unawaibia watu masomo. Baraza la chuo likatujibu kwa dharau iliyovaa tai: leteni takwimu, msilete kelele. Haya, tukaleta. Mimi nikatunga dodoso, wewe mwenyekiti wetu ukawaongoza wadadisi wa kwenda kuwauliza watu mlango kwa mlango, na kila mdadisi akapewa mtaa wake. Mtaa wa nne, ule wa viwandani, uliubeba wewe mwenyewe kwa sababu ndio wa mbali kuliko yote. Nilijivuna mbele za watu nikasema, kiongozi ni huyu, wengine ni wapasha moto viti. Pande zote mbili zikakubaliana kwamba madodoso yapelekwe katika ofisi isiyo ya upande wowote. Na kama vile mtu alikuwa anatutania, ofisi hiyo ndiko kitivo kilikonipangia mafunzo ya kazi.

Sasa ingia nami humo ndani uone nilichokiona.

Siku madodoso yetu yalipowasili, Bwana Takriban aliyachukua kwa mikono miwili, akayafungia katika kabati la chuma, akatia kufuli. Kufuli, Kaka! Katika ofisi ambayo hata choo hakina komeo. Akaniambia, kwa upole uliozidi kipimo, kwamba kazi hiyo sitaigusa. Nitashughulika na bei za vyakula sokoni. Nikamuuliza sababu. Akasema ziko takriban mbili, akaondoka bila kutaja hata moja.

Tangu hapo nikawa na macho mgongoni. Niliona kwamba mlango wake, uliokuwa wazi miezi yote, sasa unafungwa kila baada ya chakula cha mchana. Niliona karani wa baraza la chuo akipanda ngazi zetu na bahasha, akishuka bila bahasha. Nikaanza kuvaa viatu vya raba ili nisisikike nikipita. Nilikuwa napeleka chai ambayo hakuna aliyeniagiza, mradi tu nifike karibu na ule mlango, hata mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama nimeacha takwimu nimefungua hoteli. Na siku moja, birika mkononi, nilimsikia Bwana Takriban akisema kwenye simu kwamba watu hawa hawajui kudanganya, mtu yeyote wa fani ataona. Nusura birika liniponyoke. Nilijua nimewakamata. Wameshaichafua data yetu, nikawaza, na sasa wanalalamika kwamba aliyeichafua hana ufundi.

Nilikuwa nimeshaanza kukuandikia barua nyingine kabisa, nikwambie. Ilikuwa na neno hujuma mara nyingi na neno takriban hata mara moja. Nashukuru sikuituma.

Niliingia ofisini kwake bila kubisha. Nilimhutubia, Kaka, kama ulivyonifundisha, mguu mmoja mbele, kidole hewani. Nikamwambia kwamba vijana wa taifa hawataruhusu ukweli wao utiwe kufuli, na kwamba kila kufuli lina siku yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama hotuba imekwisha au napumua tu. Nikasema imekwisha. Akaniambia nikae.

Sababu zake mbili alizitaja sasa. Ya kwanza, dodoso ni langu na madai ni ya chama changu, na ningeigusa data ile hata kwa nia safi, mtu wa upande wa pili angesimama siku ya siku akasema nimejipikia. Alinitenga ili nisichafuke. Karani alileta barua ya kukubali utaratibu huohuo, basi. Ya pili, alisema, ni grafu, na ni afadhali niione kwa macho yangu kuliko niendelee kumletea chai mbaya.

Alifungua kompyuta. Swali lilikuwa langu, nililitunga mwenyewe nikalipenda: unatumia dakika ngapi kutembea kutoka chumbani kwako hadi darasani? Grafu za mitaa mitatu ya kwanza zilifanana na kinywa cha mzee, jino hapa, pengo pale. Jino kwenye kumi, jino kwenye kumi na tano, jino refu kwenye nusu saa, jingine kwenye saa nzima, na katikati karibu hakuna kitu. Grafu ya mtaa wa nne ilikuwa tofauti. Ilipanda taratibu na kushuka taratibu, nyororo kama kilima kilichochorwa na mtoto mwenye adabu. Thelathini na saba. Arobaini na moja. Arobaini na tatu. Nusu saa kamili, hakuna hata mmoja. Saa nzima, hakuna.

Nikatoa kifua mbele. Nikamwambia kwamba basi angalau mdadisi mmoja wetu alifanya kazi kwa makini, wengine waliburuza tu.

Bwana Takriban aliitoa penseli sikioni akaiweka mezani. Akasema, mwanangu, hakuna mtu anayetembea huku anajipima. Ukimsimamisha mtu ukamuuliza anatumia muda gani, atakwambia kama nusu saa hivi, au robo saa, au saa nzima kasoro kidogo; hata dodoso likidai dakika, atakupa namba ya duara, ya kuishia sifuri au tano. Meno yale ya grafu ni sauti za watu wenyewe wakikadiria. Anayeandika thelathini na saba, kisha arobaini na moja, kisha arobaini na tatu, nyumba baada ya nyumba, bila duara hata moja, hakumuuliza mtu. Alikaa mahali, akaogopa namba za duara zitaonekana za kubuni, akazikwepa zote. Ndiyo maana nasema hawajui kudanganya, akamalizia. Uongo unajitahidi sana kuwa sahihi.

Unadhani nilimwamini? Nililelewa kwenye chama, Kaka. Nilimwambia papo hapo kwamba madodoso ya mtaa wa nne yamebadilishwa njiani, na kwamba nadai kuyaona yenyewe, ya karatasi. Hakubisha. Alifungua kufuli. Akanipa bunda, akanitazama ninavyofunua.

Hayakuwa yamebadilishwa. Mwandiko ulikuwa wako: kila tarakimu ya saba imefungwa mkanda kiunoni, kama unavyoiandika tangu darasa la tatu.

Hata hapo sikukubali. Hakuna anayeishiwa mawazo ya kumtetea nduguye. Nikawaza, labda kaka yangu aliwabana watu mpaka wakataja dakika kamili; yeye ni mtu wa kubana. Labda watu wa viwandani wana saa kali, wamezoea king'ora. Nikamwomba Bwana Takriban tukaulize upya. Akasema hilo ndilo alilokuwa anapanga, ni desturi ya kazi kurudia nyumba chache kuona kama majibu yanafanana. Naweza kwenda, akasema, kwa sharti moja: yeye ndiye atakayeuliza, mimi nitakaa kimya.

Tulikuja, Kaka. Siku ya Jumanne. Nilipita mitaa miwili tu kutoka nyumbani, nikasikia cherehani ya Mama, au nilitamani kuisikia. Sikuingia. Hilo limeniuma, na nakuomba usimwambie kabla sijamwambia mwenyewe.

Katika ile nyumba ndefu ya vyumba inayotazama ukuta wa kiwanda cha magunia, tulimkuta mama mwangalizi akianua nguo. Bwana Takriban alimuuliza kama kuna kijana aliyewahi kuja na madodoso. Akasema ndiyo, alikuja, kijana mrefu, mwenye adabu zake, alimwamkia vizuri. Alikuja asubuhi, vyumba vyote vimefungwa, wanafunzi wako chuoni. Mwangalizi akamwambia arudi jioni watakapokuwepo. Kijana akaomba maji ya kunywa, akaketi kwenye ngazi penye kivuli, akaandika sana. Aliandika kama aliye kwenye mtihani, mwangalizi akasema, mpaka nikamwonea huruma. Kisha akashukuru, akaenda zake, na jioni hakumwona.

Mimi, mnayeniita Kipaza kwenye mikutano yote, nikamsaidia kuanua nguo zilizobaki.

Tuliwasubiri. Walirudi mmoja mmoja, na Bwana Takriban akawauliza, na majibu yakawa yaleyale ya meno na mapengo: kama dakika arobaini, nusu saa nikikimbia, saa nzima. Mmoja alisema robo saa, kwa sababu ana baiskeli, wenzake wakamzomea kwamba huyo si wa kuhesabiwa, huyo ni tajiri. Wa mwisho kufika alikuwa msichana wa chumba cha mwisho, anasoma uuguzi. Alikuja amevaa kandambili, viatu viko mkononi ndani ya mfuko. Alipoulizwa, alicheka kwanza. Akasema saa mbili, kwa sababu darasa lao haliko chuoni penyewe, liko katika hospitali ya ng'ambo ya mji, na siku za mvua asiulizwe kabisa. Anaondoka kabla hakujapambazuka. Kipindi cha kwanza ameshakiacha, na mtihani wake hataruhusiwa kuufanya. Bwana Takriban akamuuliza kama kuna mtu wa chama aliyewahi kuja kumuuliza. Akasema hapana, lakini amesikia kuna watu wanawapigania, nasi tukiwaona tuwafikishie shukrani zake.

Nazifikisha.

Katika madodoso yako, Kaka, hakuna anayetembea zaidi ya dakika hamsini na nane. Hapo ndipo mawazo yako yalipofika mwisho, ukiwa umekaa kivulini. Hukumzidishia mtu, na hilo ndilo linalonitia uchungu: ulitaka kuonekana mkweli, ukamfuta yule ambaye ukweli wake peke yake ungelinyamazisha baraza. Tulisimama pamoja, wewe na mimi, tukamlaani mkuu wa chuo kwa kutuhesabu bila kutuona. Basi nieleze wewe ulifanya nini. Wewe uliyenipandisha juu ya benchi nikiwa na meno ya utoto ukaniambia niwasemee wasio na sauti, ulimbunia sauti mtu aliyekuwa na yake, na alikuwa anarudi jioni.

Sasa nikwambie jambo ambalo Bwana Takriban hakulijua, na ambalo halihitaji grafu. Unakumbuka Mama alipokuwa akikutuma dukani, ukapitia uwanjani? Ulikuwa ukirudi na jibu tayari. Nimesubiri foleni dakika ishirini na tatu, Mama. Naye, pini mdomoni, kitambaa magotini, anacheka mpaka pini zinamtoka: leo foleni imepimwa kwa rula! Siku ambazo kweli ulikuwa kwenye foleni, ulisema kama nusu saa hivi, ukaenda zako kula. Na kila mara alikwambia lilelile, bila hasira: ukichelewa, sema umechelewa. Nilipoiona thelathini na saba ile kwenye kompyuta, kabla Bwana Takriban hajafungua kinywa, kuna kitu ndani yangu kilishazisikia pini zikidondoka. Nilikutambua, Kaka. Kufuli, karani, simu, njama zote zile nilizozijenga kwa bidii, nadhani nilizijenga ili nisikutambue.

Tulipokuwa tunarudi garini, aliniuliza kama ninamfahamu mdadisi wa nne. Kwenye makaratasi yake wewe ni namba tu. Ningeweza kusema simfahamu, na mambo yangeishia hapo. Nilimwambia ni kaka yangu wa tumbo moja, mwenyekiti wa chama chetu. Nimekutaja. Niite msaliti ukitaka, nimekwisha kujiita kabla yako na sijafa. Akasema anasikitika, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakutanguliza takriban.

Mambo yalivyo ni haya. Madodoso ya mtaa wa nne hayatatumika. Taarifa inakwenda barazani Jumatatu, na lazima iseme kwa nini mtaa mzima haumo. Wanasheria wa chuo wakiligundua hilo wenyewe, wataiangusha na mitaa mitatu ya wenzetu waliogonga milango kwa haki, bweni litabaki limefungwa, na yule msichana atatembea mpaka amalize au aache. Chama kikilisema chenyewe kabla, Bwana Takriban yuko tayari kutuma watu wake Jumapili, wanafunzi wakiwa vyumbani, waulizwe upya, na majibu yatiwe kwenye taarifa. Nimepiga hesabu za hapa na pale na naamini ukweli unatutosha. Hautatupa wastani mzuri kama wako. Utatupa mtu wa saa mbili, na amekubali kusimama aseme mwenyewe.

Kuhusu mimi, usihofu sana. Nilidhani nitafukuzwa. Aliniuliza ningefanya nini kama mdadisi wa nne angekuwa mtu baki. Nikasema ningepiga kelele mtaa mzima usilale. Akasema kelele hazihitajiki hapa, ila kile kiti chenye mguu mfupi anaweza kukiweka mpaka nimalize masomo, takriban. Nimeanza kulipenda neno hilo. Linamwachia mtu mwingine nafasi.

Sitasoma jina lako mkutanoni. Nimeomba kwenye kamati nafasi ya kwanza ya kuzungumza, nikaiandikisha kwa jina la mwenyekiti. Nitakuwa kulia kwako. Watakaozomea watatuzomea wote wawili, na tumewahi kuzomewa na wakubwa zaidi. Usiponyanyuka, nitanyanyuka mimi, na unajua sauti yangu inafika wapi. Lakini nakuomba, kwa miaka yote uliyonishika mkono kuvuka barabara, usinifanyie hivyo.

Nisalimie Mama sana, umwambie nitalala nyumbani Ijumaa, na goti lake nitalikanda mwenyewe. Wasalimie wadadisi wa mitaa mitatu. Wape pole ya miguu, wao hawajui kwa nini. Nawe pokea salamu zangu zote, za ndugu kwanza, za komredi baadaye.

Mkutano mkuu ni Jumamosi, saa tisa alasiri, katika bwalo la zamani. Ukichelewa, sema umechelewa.

Mdogo wako,
Kipaza